Kipande cha Utosini

Mke wangu anavijua vichwa vya watu kuliko kinyozi yeyote, na hajawahi kumnyoa mtu. Ukimkuta kwenye foleni ya benki utadhani anawaza mambo makubwa, kumbe anautazama utosi wa aliyemtangulia. Nimemkanya mara nyingi. Namwambia, mama, iko siku mtu atageuka akuulize umepoteza nini kichwani mwake. Ananijibu kwamba yeye hamwangalii mtu, anaangalia nywele zinavyoachana. Sasa jibu la namna hiyo utalifanyia nini?

Mimi ni seremala, na kipara changu kinang'aa tangu ujana. Watu wakisikia kwamba mke wangu ni daktari wa kuchunguza magonjwa ya nywele hunitazama kichwani kwanza, halafu huangua kicheko. "Wewe umemshinda?" Nimechoka kuwaeleza. Kipara changu ni cha ukoo, nilikirithi kwa baba pamoja na hasira zake, na kabla hatujaoana yule binti alishanitupia jicho moja akaniambia nisihangaike tena na mafuta ya kupaka, nile hela yangu. Nilimpenda siku hiyohiyo. Wengine wote walikuwa wakinidanganya.

Kazi yake ni ya kukaa. Ana chumba chembamba nyuma ya hospitali, chenye dirisha moja, meza ya darubini, na kiti nilichomtengenezea mimi baada ya kile alichopewa kazini kumvunja mgongo. Humo ndani huletewa ngozi za watu. Mtu nywele zikimtoka na haijulikani kwa nini, daktari wa ngozi humpiga sindano ya ganzi kichwani, akachomoa kipande kidogo cha mviringo, upana wake punje ya dengu, kisha akapashona. Kipande hutiwa kwenye dawa kisioze, kikapelekwa maabara, kikagandishwa katika nta na kukatwa vipande vyembamba mno, ukipiga chafya vimeruka. Hutiwa rangi ya waridi na zambarau, vikalazwa juu ya kioo. Hapo ndipo zamu yake inapofika.

Siku za mwanzo za ndoa yetu nilimuuliza hicho kipande hukatwaje. Akasema wengi hukikata kwa urefu, kutoka juu ya ngozi kwenda chini, na wanaambulia kuona mizizi miwili mitatu tu ya nywele. Yeye huagiza kikatwe kwa upana. Nikamwambia mbona hiyo ni habari ya gogo: ukilipasua kwa urefu unaona nyuzi, ukilikata kwa upana unaona duara lote kwa mpigo mmoja. Alifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Mpaka leo akiwafundisha wanafunzi wake anawaambia, "Mume wangu seremala husema hivi." Najua fika kwamba aliyajua hayo kabla yangu, na kwamba ananitaja ili nivimbe kichwa. Navimba.

Katika hayo maduara anaona mizizi yote iliyomo. Anaona ipi imelala tu, itaamka. Anaona ipi imekonda, kama ilivyokonda yangu. Anaona ipi imezingirwa na chembe za kinga, zile zinazotakiwa kuulinda mwili, zimegeuka zinaushambulia mzizi wenyewe. Na anaona mahali ambapo hapana mzizi wala kifuko cha mafuta, pamebaki kovu tupu. Mzizi ukiwa hai, kuna la kufanya. Ukishakuwa kovu, basi.

Hospitalini wanamwita Mama Ukingo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mgonjwa akiulizwa tatizo liko wapi, huweka kidole katikati ya upara, pale panapomtia aibu. Daktari naye, hasa akiwa mgeni wa kazi, huchoma palepale. Kipande kinafika kwa mke wangu, anatazama, anakuta kovu. Ni sawa na kutaka kujua kilichowasha moto ukaenda kuchota majivu yaliyopoa katikati, wakati kwenye kingo nyasi bado zinaungua. Kwa hiyo kila mara anaandika chini ya majibu: safari nyingine chukueni ukingoni, pale nywele zinapoishia. Ameandika hivyo miaka nenda miaka rudi. Madaktari wanacheka, wanamwita Mama Ukingo, halafu kesho wanachoma katikati.

Jambo moja sikulitilia maanani mpaka yaliponifika. Mke wangu hakuwa amewahi kumpa mtu majibu kwa mdomo wake. Anaandika, karatasi inakwenda, daktari wa ngozi ndiye anayekaa na mgonjwa. Vichwa vyote hivyo, na hajui uso hata mmoja. Nilidhani ndivyo anavyopenda, kwa maana ni mtu mwenye haya, hata kudai chenji dukani kunamtoa jasho.

Sasa nimseme dada yangu. Dada yangu ndiye mkubwa wetu, na ndiye aliyenilea mama alipoondoka duniani. Ni msusi. Ana saluni yenye viti vitatu na vioo vitatu, na mdomo unaotosha saluni kumi. Watu wanamfuata kutoka mbali kwa sababu mkono wake ni mwepesi na umbeya wake ni wa uhakika. Kwa miaka miwili hivi alikuwa havui kitambaa kichwani. Tuliona ni mtindo. Msusi akijifunga kitambaa kizuri kila siku na rangi inalingana na hereni, nani atauliza?

Jumapili moja akaja nyumbani bila salamu ndefu, akamkabidhi mke wangu karatasi. Alikuwa amekwenda peke yake kwenye kliniki moja ya mbali, akachomwa, akapewa majibu, na majibu hayakumwingia.

"Wifi, hebu nisomee. Haya maneno ni ya lugha gani?"

Mke wangu akasoma. Nilimwona anairudia mistari ileile.

"Walichukua wapi?" akauliza.

Dada akanitazama mimi kwanza, kama anayetaka nitoke. Sikutoka. Akafungua kitambaa. Utosini, pale ambapo kiganja cha mtu mzima kingefunika, ngozi ilikuwa laini na inang'aa, haina hata tundu la unywele. Kuzunguka pale nywele zilikuwepo, lakini zimechoka. Alama ndogo ya mshono ilikuwa katikati kabisa.

Nilitaka kupiga kelele. Kwa nini uende kwa watu baki na wifi yako kazi yake ndiyo hii? Dada alinijua, akanijibu kabla sijafungua mdomo. "Nani anataka wifi yake amwone utosi? Na mimi msusi?"

"Wameandika kovu," mke wangu akasema. "Mizizi hawakuiona. Lakini hapo walipochukua, wifi, hata mimi nisingeona. Hatujui ni ugonjwa gani, hatujui kama unaendelea. Inabidi kitolewe kipande kingine. Ukingoni, hapa, penye nywele."

"Penye nywele?"

"Penye nywele."

Ungeona uso wa dada yangu. Alifura. "Yaani hizi nilizobakiwa nazo, hizi ninazozibembeleza usiku na mchana, ndizo mnazozitaka? Mmeshachimba shimo moja halikuleta kitu, sasa mchimbe la pili palipobaki? Hapana. Hapana, wifi. Wewe umezoea vipande. Mimi siyo kipande."

Akafunga kitambaa chake vibaya, akaondoka. Chai yake ilibaki mezani.

Lililokuwa likimla dada nililielewa baadaye. Nani atampeleka mtoto wake kusukwa kwa msusi mwenye kipara? Saluni ile ndiyo maisha yake, ndiyo iliyonisomesha mimi ufundi. Halafu kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakuisema: kwamba itaonekana amejimaliza kwa mikono yake, kwa miaka yote ya kuvuta, kuchoma na kupaka dawa za kulainisha. Na mke wangu naye alikuwa na lake. Aliniambia jikoni, huku anasugua sufuria ambayo ilishakuwa safi, kwamba kama ni ule ugonjwa anaoudhani, kila mwezi unaopita unakula mizizi mingine, na mizizi ikiliwa hairudi. "Anazificha zikiwa zinakufa," akasema. "Na mimi nimekaa naye meza moja miaka miwili."

Nilijaribu usuluhishi. Nilikwenda saluni, nikamwambia dada, "Wakuchome kidogo tu, kwani nini?" Akanionyesha mlango kwa kitana. Nikarudi mara ya pili na maneno matamu, akaniuliza toka lini mwenye upara akatoa ushauri wa nywele, na wateja wakavunjika mbavu. Nikasema potelea mbali, wanawake wawili hawa watanitia wazimu.

Jumamosi mke wangu akavaa gauni lake la kutokea, akaenda saluni, akakaa kwenye benchi la wateja. Mimi nilimfuata nikajifanya natengeneza bawaba ya mlango, ambayo kwa kweli ilikuwa mbovu. Dada akamwona, akampita. Akamsuka wa kwanza, akamsuka wa pili. Mke wangu, ambaye hawezi kudai chenji, akakaa pale na mkoba magotini mpaka zamu yake ilipofika, akakaa kwenye kiti.

"Unataka mtindo gani?" dada akamuuliza kwenye kioo, sauti kavu.

"Nataka punje ya dengu ya kichwa chako."

Mtu akazima mashine ya kukaushia nywele.

"Humo zitatoka kama nywele ishirini," mke wangu akaendelea, polepole, kama anayesoma. "Labda thelathini. Kitana chako cha asubuhi kinatoa zaidi ya hizo, na hizo huzipeleki popote, unazitupa. Mimi nakuomba hizi chache, siyo za kutupa. Nakuahidi sitapoteza hata moja."

Nilidhani dada atammwagia maji. Alisimama ameshika kitana hewani. Kisha midomo ikaanza kumcheza, nikajua ama atalia ama atacheka, na yeye mwenyewe nadhani hakujua. Akacheka. "Huyu mwanamke!" akawaambia wateja. "Mmemsikia? Anaomba nywele kama anaomba chumvi!" Halafu akainama sikioni mwa mke wangu, lakini dada yangu hajui kunong'ona, tukasikia sote. "Uchague wewe mwenyewe. Sitaki mtu mwingine achague."

Hilo lilikuwa zito kwa mke wangu kuliko dada alivyodhani. Yeye wa kioo na darubini, atakwenda chumba cha daktari wa ngozi kushika kichwa cha mtu aliye hai! Lakini akaenda. Mimi niliruhusiwa kusimama mlangoni. Daktari wa ngozi, kijana mpole, akampa kalamu ya wino na nafasi. Mke wangu akachukua kitana kujaribu kugawa nywele pale ukingoni, mistari inapinda.

"Siyo hivyo," dada akasema, akiwa ameshika kioo cha mkono. "Mkia wa kitana uulaze. Uulaze, usinichome. Enhe. Sasa vuta kuja kwako. Wifi, hujawahi kuchana mtoto wewe?"

"Nina wa kiume watupu."

"Inaonekana."

Akatafuta. Alitafuta mahali ambapo nywele bado zimesimama lakini ngozi imeanza kuwa nyekundu kidogo, na dada alikiri panamwasha. Akachora duara dogo kwa wino. Daktari akapiga ganzi, akachoma, akachomoa. Dada hakulia. Aliniita karibu, akanifinya mkono mpaka kucha zikaacha alama, akaniambia kwamba mimi ndiye niliyetoa jasho, si yeye. Kweli.

Kusoma ngozi ya ndugu si jambo watu wa maabara wanalolipenda, kwa sababu jicho linaweza kuona linachotamani. Kwa hiyo mke wangu alimpa kwanza mwenzake, mzee mmoja wa miwani minene, bila kumwambia ni ya nani. Mzee akaandika yake, na yeye akaandika yake, wakalinganisha. Walikubaliana. Ni ule ugonjwa aliouhofia, unaoanzia utosini na kusambaa taratibu kwenda nje, chembe za kinga zimeizingira mizizi, kovu linajijenga kuizunguka. Lakini pale ukingoni mizizi mingi ilikuwa bado hai, na vifuko vyake vya mafuta vipo. Dawa ingeweza kuuzuia usizidi kusambaa.

Nilidhani yamekwisha. Siku waliyolinganisha majibu mvua ilikuwa kubwa, nikampelekea mwavuli mchana, nikamkuta hayupo kwenye kiti chake. Alikuwa chumba cha pili, kwa fundi wa maabara, amesimama nyuma ya ile mashine ya kukatia nta. Mbele yao kulikuwa na kipande kingine. Kumbe alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwenye ile kliniki ya mbali kukiomba kile cha kwanza, cha katikati, kile kilichoandikwa kovu.

"Kata kingine," akamwambia fundi.

"Daktari, tumeshakata vingi. Vyote ni kovu."

"Kata."

Fundi akakata, akaweka juu ya kioo, akatia rangi. Mke wangu akaenda kutazama, akarudi. Kata. Akatazama, akarudi. Nilikaa kwenye stuli na mwavuli wangu unachuruzika, hakuna aliyenijali. Fundi, ambaye huniita shemeji kwa utani, alipopata upenyo aliniambia kwa sauti ya chini jambo linalomtisha. Sheria yao ni kwamba nta haimalizwi. Daima wanabakiza kidogo, kesho kukiwa na swali jipya, au daktari mwingine akitaka kuhakikisha, apate pa kukata. Huyu daktari amewafokea watu kwa kosa hilo. Na leo anakimaliza.

"Kikiisha hakuna tena, Daktari," akamkumbusha.

"Najua. Mwenye kipande aliniruhusu nikikate. Kata."

Ndipo nikaelewa anachokitafuta. Kipande kikikatwa kidogo tu, kunaweza kuwa na mzizi mmoja umejificha chini zaidi, au pembeni, ambao mkataji wa kwanza hakuufikia. Mmoja tu ungetosha. Angeweza kumwambia wifi yake kwamba hata pale katikati kuna kitu kinapumua. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonikataza mafuta, na nilimhurumia hivyohivyo, kwa sababu niliuona mgongo wake unavyozidi kuinama kila alipoinuka kwenye darubini. Fundi alikata mpaka kisu kikawa kinatoa utepe mweupe wa nta tupu.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda saluni kabla haijafunguliwa. Daktari wa ngozi alikuwa tayari kutoa majibu kama kawaida, lakini mke wangu alimwambia asijisumbue. Dada alikuwa anafagia. Akaegemeza ufagio ukutani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kitambaa bila kuambiwa.

Mke wangu alianza na lililo jema. Nywele za ukingoni zinaokoleka. Kutakuwa na sindano za pale pale kichwani, dawa ya kupaka, na vidonge. Vifaa vya moto aviache, kusukwa kwa kuvutwa aache. "Na hukujifanyia wewe," akasema. "Ugonjwa huu una asili yake, unatembea na watu. Moto na kuvuta vimeuchochea tu. Mtu asikubebeshe lawama."

Dada alipumua kwa nguvu. Nikajua ile hofu iliyojificha imetoka. Kisha akaweka kidole katikati ya utosi wake, palepale wote wanapoweka.

"Na hapa?"

Ningekuwa mimi ningemdanganya. Nasema kweli. Ningesema tusubiri, tuone, Mungu ni mwema. Maneno yalinijaa mdomoni. Na mke wangu ambaye hakuwahi kumtazama mtu usoni akampa habari kama hiyo alizunguka kiti, akachuchumaa mbele ya dada ili macho yao yalingane.

"Hapo hazirudi, wifi. Kile kipande cha kwanza ulichoniruhusu, nilikwenda kukichukua. Nimekikata chote. Kawaida tunabakiza, mimi sikubakiza, nimekata mpaka ikabaki nta. Nimeangalia kioo kimoja kimoja. Nilitaka nikute hata mzizi mmoja."

"Umekimaliza chote?"

"Chote."

Barabarani watu walishaanza kupita, mteja wa kwanza akagonga mlango, hakuna aliyeinuka kumfungulia.

"Basi," dada akasema, "kama umetafuta wewe, hazipo."

Aliyelia wa kwanza alikuwa mke wangu. Alilia palepale chini alipochuchumaa, kwa sauti, kilio cha vichwa vyote vile alivyokwisha kuvisoma, nadhani, na dada yangu akateremka kwenye kiti, kichwa wazi, akapiga magoti, akamkumbatia, akawa anampangusa mashavu kwa kile kitambaa.

"Nyamaza," alikuwa akimwambia. "Nyamaza, mwanamke. Nywele zangu, unalia wewe?"